Sekunde Kumi na Kikwembe cha Mama Ngalula

Sogea karibu na hita, msikilizaji wangu, na kama soksi zako zimelowa zitandaze hapo juu ya kiti, hakuna atakayekucheka. Nataka kukueleza sheria za dansi ya kwenye barafu. Najua hukuniuliza. Watu wa Troyeville, mtaa wetu wa wahamiaji hapa jijini, nao hawakuwahi kuniuliza, na bado kuna wanawake wa makamo katika mitaa ile wanaoweza kukwambia kosa gani kwenye barafu linakatwa alama moja. Sababu yao ni Mama Ngalula, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, ambaye tulimzika wiki mbili zilizopita. Baada ya maziko binti zake waliniita nisaidie kupanga vitambaa vyake, kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kufanya kazi kwenye chumba kile muda mrefu kuliko wote. Katika droo ya cherehani, chini ya bobini na vipande vya chaki, nilikuta karatasi nne zilizolowa mafuta ya mashine. Zilikuwa kurasa za kanuni za mashindano, za mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Pembeni Mama alikuwa ameandika kwa penseli: “Sketi lazima.” “Shanga mara tatu.” Nikazigeuza huku na huku nikitafuta kurasa nyingine, ingawa nilijua hazimo. Kurasa zote nne zilihusu nguo. Nyingine sikumpa, maana nilidhani zitamchosha. Hapo ndipo lilipoanzia balaa la mwaka ule, na balaa lilikuwa langu.

Tuanze na msingi, taratibu, maana hakuna kigumu hapa. Dansi ya barafu huchezwa na watu wawili, na huo si mchezo ule unaouona kwenye televisheni ambapo mwanamume anamrusha mwenzake hewani kama gunia la unga. Kwetu kurushana ni marufuku. Kumbeba mwenzako kunaruhusiwa, lakini kwa sekunde saba tu kwa mbebo mfupi, kisha umshushe hata kama mnapendana. Kuachana mbali sana hakuruhusiwi pia. Na kubwa kuliko yote ni mdundo: kila msimu wakubwa wa mchezo hutangaza mdundo utakaochezwa, na jozi zote huucheza huo huo, kila jozi na wimbo wake. Waamuzi hukaa mezani wakisikiliza kama miguu yako inakubaliana na ngoma. Mwaka ule daraja letu lilipewa walsi. Walsi inahesabiwa tatu: moja nzito, mbili na tatu nyepesi. Ukiielewa hiyo moja nzito umeielewa walsi yote. Mimi sikuielewa kwa miezi minne.

Nilikuwa nimeanza kuteleza kwa bahati. Mwalimu wa uwanja wa barafu, mama Mzungu wa Kiafrikana ambaye kila mtu alimwita Tannie, yaani shangazi, Riana, alileta nguo za wanafunzi wake kwa Mama Ngalula zirekebishwe, na mimi ndiye niliyetumwa kuzirudisha. Mara ya tatu niliporudisha nguo aliniambia nijaribu viatu nikingoja risiti. Kijana aliyekuwa akigawa viatu kaunta alikuwa Salimu, Mtanzania wa Tanga aliyekaa mtaa wa Mayfair kwa mjomba wake. Aliteleza kila jioni baada ya kazi, kwa namna ya mtu aliyezaliwa ndani ya friji. Miaka mitatu baadaye ndiye aliyekuwa mwenzangu wa dansi. Nilimpenda kama kaka na nilimwogopa kama mkwe, kwa sababu alikuwa na masikio makali na ulimi mkali zaidi. “Dada Mwadi,” aliniambia siku moja katikati ya mazoezi, “wewe huchezi walsi. Wewe ni teksi inayowahi taa ya robot kabla haijawa nyekundu. Hiyo hatua ya nne unaitoa wapi? Wimbo una tatu, wewe una nne. Unatunza akiba?” Tannie Riana alipiga makofi pembeni, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, akarekodi hesabu kwenye simu yangu, akanifanya nitembee nayo masikioni. Sikuona faida. Mwili wangu ulikuwa umelelewa na cherehani ya kukanyaga na kwaya ya kanisa, na vyote viwili vilihesabu nne.

Mama Ngalula ndiye aliyelitatua, na alilitatua kwa sababu ya njaa. Jumamosi mchana alikuwa akipika sombe kwenye ua wa nyuma, na hakukubali majani ya mihogo yaliyosagwa kwa mashine. Alisema mashine inayapa woga. Alikuwa na kinu kirefu na michi mitatu, na wanawake watatu walikizunguka: yeye, jirani yake Mama Kapinga wa kwaya, na mimi. Siku ile nilikuwa nikilalamika. “Batu ya barafu banahesabu mpaka ngapi?” akaniuliza. Nikamwambia tatu. Akasimamisha mchi juu. “Tatu? Na sasa tunafanya nini hapa, mutoto?” Akashusha mchi wake kwa nguvu zote, tuu! Mama Kapinga akafuata, tu, nami tu, kisha akarudi yeye, tuu! “Moja njo yangu,” akasema, maana ‘ndiyo’ kwake ilikuwa ‘njo’. “Mi napiga ya nguvu, beye wawili munafuata pole. Ukija na ya nne, utakuta mchi yangu kwa mukono yako.” Msikilizaji wangu, miezi minne ya mwalimu mwenye vyeti, na jibu lilikuwa ndani ya kinu. Nilitwanga huku nikicheka. Jumamosi iliyofuata nilimleta Salimu. Alisimama mbele ya kinu akiwa ameshika mchi kama mtu aliyepewa bunduki. “Tanga wakiniona,” alisema, “watanifanyia arobaini.” Mama Ngalula akamtazama toka juu mpaka chini. “Bwana wa Tanga, weye unakula?” “Nakula, mama.” “Basi twanga.” Tukatwanga watatu, Mama akiwa moja, na jioni tukala bukari na sombe na samaki, Salimu akisifu huku akidai kwao hivyo vinaitwa ugali na kisamvu, na Mama Ngalula akimjibu kwamba mtu anaweza kukosea jina la chakula na bado akaongezewa. Jumatatu Tannie Riana alitutazama tukizunguka uwanja mara moja, magoti yakizama kwenye moja na kuinuka kwenye mbili na tatu. “Mmefanya nini?” akauliza. “Tumetwanga,” Salimu akasema, na hakuna kati yetu aliyejua kulieleza zaidi kwa Kiingereza.

Sasa nikueleze kilichokuwa hatarini. Kukodi barafu kwa mazoezi ni ghali, na sisi tuliteleza kwenye saa za watu wote, tukiwakwepa watoto wa sherehe za kuzaliwa. Uwanja ulikuwa na utaratibu wake: jozi itakayoongoza daraja letu kwenye mashindano ya mkoa ilipewa saa moja ya barafu tupu kila alfajiri, mwaka mzima, bila malipo. Jozi zilikuwa tatu. Tannie Riana alisema wazi, kwa upole, kwamba bila saa ile tusingeweza kupanda daraja, na jozi isiyopanda mwishowe huacha. Salimu alikuwa na mjomba aliyemtaka dukani. Mimi nilikuwa na cherehani. Tulijua kwamba tukiwa wa pili, dansi ingeishia hapo.

Mama Ngalula alilichukua jambo lile kama harusi ya mwanawe. Kwanza ilibidi nimsomee sheria za mavazi, nami nilikaa kwenye kibweta cha vitambaa nikimfasiria huku yeye akishona. Mwanamke lazima avae sketi: hilo alilipenda. Vazi lisiwe la maigizo: hilo alilikubali kwa shingo upande. Kisha nikafika kwenye sheria ya kuanguka, kwamba kipande chochote cha vazi kikidondoka kwenye barafu, jozi inakatwa alama moja. Cherehani ikanyamaza. “Shanga moja ikianguka?” “Alama moja, mama.” Gauni kwake lilikuwa robe: “Na mukono yote ya robe ikianguka?” “Alama moja pia.” Alifikiri. “Basi shanga iko mwizi kuliko mukono,” akasema, akaanza kuvuta uzi mpya. Alishona kila shanga mara tatu. Alizijaribu kwa meno. Alinifanya niruke kitandani kwake nikiwa nimevaa gauni, yeye akiwa amepiga magoti sakafuni akipapasa zulia. Na kitambaa? Kilikuwa kikwembe, kitenge kwa wengine, cha kijani chenye picha za feni za umeme za rangi ya njano, na hakunishonea mimi peke yangu. Alimshonea Salimu kizibao. Akanunua kingine na kingine, akawashonea wanawake kumi na mmoja wa kwaya, maana kwetu mtoto hapelekwi kwenye siku yake kubwa na watu waliovaa ovyo. Kila mmoja huvaa sare. Salimu alipoviona vimepangwa alishika kichwa. “Baridi yote ile, na nyie mnaleta feni.”

Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hii ndiyo sheria niliyoiruka. Jiji letu liko juu, hewa ni nyembamba, na mtu akicheza dakika karibu tatu kwenye barafu mapafu humwaka moto. Sheria huruhusu jozi kusimama kabisa katikati ya dansi, mara moja, isizidi sekunde kumi. Ukizidi, unakatwa. Tannie Riana alituwekea kituo hicho pale pumzi zinapoisha: tunasimama tumepeana mgongo, mikono wazi, vichwa chini, muziki ukivuta sauti moja nyembamba, nasi tunapumua kama mbwa bila kuonyesha. Ilipendeza sana. Ilifanana kabisa na mwisho. Nilimsomea Mama Ngalula habari za sketi, shanga, manyoya na vifungo. Habari za kusimama sikumsomea. Nilijiambia: mshonaji ana haja gani na sekunde?

Siku yenyewe kwaya ilifika na thermos mbili za chai, mablanketi, na beseni la maandazi ambalo mlinzi wa mlangoni alilikataa mpaka alipopewa mawili. Walikaa mstari wa mbele, feni kumi na mbili za njano ukimhesabu na Mama, wakitetemeka kwa heshima. “Mutoto, hawa batu bako na friji kubwa,” Mama Kapinga alinipigia kelele, “na hakuna hata samaki!” Tulicheza wa mwisho. Tulianza vizuri. Nakumbuka mchi wa Mama Ngalula kwenye kila moja, tuu, na goti langu likizama mahali pake, na Salimu akinong’ona “twanga, dada, twanga” kila tulipopita kona. Tukafika kwenye kituo, mbele kabisa ya kwaya. Mgongo kwa mgongo, mikono wazi, kichwa chini. Nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye nne nikasikia kigelegele kimoja. Kwenye tano vikawa kumi na viwili. Nikainua jicho nikaona Mama Ngalula amesimama kwenye ubao unaozunguka barafu, amekikunjua kikwembe chake cha kujitanda, cha yadi sita, na kwa mkono ule ule uliokuwa ukikung’uta vumbi kwenye mazulia ya Troyeville, akakitandika juu ya barafu mbele ya miguu yangu. Kwetu ndivyo anavyoheshimiwa mtu aliyefaulu, iwe bibi harusi, iwe mwenye diploma mpya: anatandikiwa nguo akanyage. “Kanyaga, mutoto!” alipaza sauti. “Kanyaga, ni yako!” Vikafuata vikwembe vingine vitatu. Salimu, bado kichwa chini kama mcheza dansi mwaminifu, akaninong’oneza, “Ukikanyaga na makali haya utampasulia mama kikwembe.” Kisha filimbi ikalia na muziki ukakatwa.

Mwamuzi mkuu alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alitembea kwenye barafu kwa viatu vya ofisi, hatua ndogo ndogo, akaokota kikwembe cha Mama huku wenzake wakivuta vyao, akakitazama, akanitazama mimi. Akakileta karibu na sketi yangu. Feni kwa feni. Nikaona anachokiona. Kitu kinachotupwa na mtazamaji ni kikwazo: jozi haikatwi chochote, inaendelea palipokatika. Kipande cha vazi kikianguka, alama moja imekwenda. Na hapa palikuwa na kitambaa kilichofanana na vazi langu mpaka uzi wa pindo. Akamwita Mama Ngalula ubaoni na kumwomba Salimu afasiri. “Anauliza, mama, kama nguo hii na gauni la dada ni kitu kimoja.” Uso wa Mama Ngalula ukang’aa, maana hatimaye mtu mwenye cheo alikuwa ameuliza kuhusu kazi yake. “Ni moja!” akasema. “Nilikata mi mwenyewe. Mwambie aangalie vile feni zinafuatana kwa mushono.” Salimu akanitazama. Mimi nikatazama paa. “Fasiri,” nikamwambia, “tutafanyaje.” Akafasiri. Mwamuzi akatoa kalamu.

“Mama,” nikasema haraka, “anataka kusema nguo imeanguka kutoka kwangu. Ile alama. Alama ya shanga.” Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Alinyoosha mgongo mpaka akaonekana mrefu kuliko ubao. “Ianguke? Kwa robe *yangu*? Nilishona mara tatu! Aje ahesabu! Aje avute na meno yake!” Salimu alifasiri yote, hadi meno. Tannie Riana akafunika macho. Lakini Mama Ngalula hakuwa amemaliza. Aligeuka kwa wenzake. “Simameni, beye bote!” Wanawake kumi na mmoja wakasimama, feni za njano kutoka kiti hadi kiti. “Sasa mwambie hivi,” alimwambia Salimu, sasa kwa sauti ya chini, ile aliyomtolea mteja aliyechelewa kulipa. “Kama kila mutu mwenye kuvaa hii njo anacheza, basi sisi bote tunacheza. Atukate point kumi na mbili. Na kama sisi tunaangalia tu, basi mi njo nilitupa, na hii ni kosa ya muangaliaji.” Salimu akafasiri bila kuongeza neno, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Mwamuzi akautazama mstari ule toka mwisho mmoja mpaka wa pili. Alivua miwani, akaifuta kwa kitu kilichokuwa mkononi, kisha akagundua kuwa anaifuta kwa kikwembe. Akakirudisha kwa mikono miwili. “Kikwazo,” akasema. “Waendelee palipokatika. Na mwambie mama, tafadhali, akikalie mpaka mwisho.” Mama Ngalula akakikunja, akakikalia kama kuku anayeatamia.

Tukaendelea. Salimu alifurahi mno. Kwenye mbebo wetu wa pili alinizungusha huku akicheka kimoyomoyo, akasahau kunishusha, sekunde nane, na alama moja ikakatwa hapo, halali kabisa. Tukamaliza: mgongo kwa mgongo, mikono wazi, vichwa chini. Na uwanja ukawa kimya. Kimya kabisa. Nikainua jicho. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa, mikono chini ya mapaja, hawapumui. Muziki ulikuwa umekwisha zamani. Waamuzi walikuwa wakiandika. Ndipo Mama Ngalula, kwa kunong’ona kulikosikika mpaka kwenye kaunta ya viatu, akauliza, “Mwadi. Sasa njo mwisho, ao?” Nikatikisa kichwa kukubali. Sijui kama umewahi kusikia vigelegele ndani ya jengo la bati na barafu. Vinazunguka na kurudi tena. Tannie Riana aliwaelekeza watandike mlangoni, kwenye mkeka wa mpira mweusi, nasi tukavaa vifuniko vya makali, tukakanyaga feni zote mmoja baada ya mwingine. Tuliongoza kwa chini ya alama moja. Kwa hiyo unaelewa: furaha ya Salimu ilitugharimu moja, na moja ya pili ingetumaliza. Mwaka mzima uliofuata tuliteleza alfajiri kwenye barafu ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameichora.

Leo Salimu yuko Tanga, ana watoto wanne na duka la mabomba, na hakuna barafu karibu naye isipokuwa ya kupozea soda. Mimi nafundisha wanaoanza, na siku za mashindano ya watoto naketi mezani na saa ya kupimia, nikihesabu vituo na mibebo. Wazazi wananiambia nina subira, naeleza kila kitu, hata kisichoulizwa. Si subira. Ni woga. Tangu siku ile siruki ukurasa, kwa sababu sijui ni ukurasa gani mtu atakuja kuuhitaji akiwa amesimama na kitambaa mkononi.

Nilipomtumia Salimu habari za msiba, alijibu kwa ujumbe wa sauti, na mwanzo wake ulikuwa kupenga kamasi tu. Kisha akasema, “Dada, mkifika makaburini, mhesabu kwanza mpaka kumi. Asije akawa amepumzika tu.” Nilicheka ndani ya teksi mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Lakini makaburini, jeneza lilipokuwa likishushwa, kamba moja ilikwama na likasimama nusu njia. Wanawake wa kwaya, waliobaki saba, walikuwa wameshainua feni zao, rangi zimepauka. Mama Kapinga, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinigeukia. Wengine wakanigeukia. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja nzito, mbili na tatu nyepesi, nne nzito tena, wakanifuata kwa kunong’ona. Kwenye saba kamba ikaachia, likaendelea kushuka mpaka chini. Tukafika kumi. Mama Kapinga akauliza, “Sasa njo mwisho, ao?” Nikaitikia kwa kichwa, na tukatandika vikwembe.

Basi chukua hili uende nalo. Siku utakapomwona mtu unayempenda amesimama kimya katikati ya kazi yake, mikono wazi, kichwa chini, shika kitambaa chako vizuri na uhesabu polepole mpaka kumi. Akiondoka kabla hujafika, mwache aendelee. Ukifika kumi naye bado amesimama, kitandike.